Nyara ya Kwanza ya Mamlaka ya Mitego

Waliosimama wakae, na wenye hasira wakae mbele, maana hadithi hii ni yao.

Palikuwa na nchi moja tukufu ambayo jina lake halitatajwa, kwa kuwa yenyewe haikupenda kutajwa isipokuwa katika nyimbo za kuisifu. Nchi hiyo iliwapenda wanyama kuliko kitu kingine chochote. Wizara ya Wanyama ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na mbili, lifti mbili na bwawa la samaki mlangoni. Wizara ya Afya ilikuwa imepanga vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha magodoro. Stempu za nchi hiyo zilikuwa na twiga, nyati, chui na kakakuona. Binadamu aliwahi kuwekwa kwenye stempu mara moja tu, amesimama kando ya simba aliyekufa, na hata huyo alikuwa mgeni.

Mbali na ghorofa hizo, mwendo wa siku nzima kwa lori, kulikuwa na kijiji cha Lwanzongo, na hapo Lwanzongo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi. Alikuwa na mume, Mhoja, mtu mpole aliyependa mzaha. Binti mmoja, Limi, aliyeolewa mbali. Na ekari mbili za mihogo zilizopakana na pori. Ekari hizo mbili ndizo zilizokuwa chakula chao cha mwaka, na mwaka wenyewe una siku nyingi.

Asiyelima mpakani mwa pori hamjui nguruwe pori. Ng'ombe akiingia shambani hula, akashiba, akatoka. Nguruwe pori hufukua shina, akalionja, akaliacha, akafukua la pili, na haji peke yake. Huja na ukoo mzima, wakwe na mashemeji. Lakini watu wa Lwanzongo walikuwa na dawa yake. Walitega kwa kitanzi na kwa shimo, na utegaji wao ulikuwa na adabu. Aliyetega alifunga kifundo cha nyasi kando ya njia, hatua kumi kabla ya mtego: kifundo kimoja ni kitanzi, viwili ni shimo. Mtoto wa pale alikijua kifundo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Kila alfajiri watu wawili wa zamu waliizungukia mitego yote, yao na ya majirani, kabla hawajanywa uji, ili aliyenaswa asiteseke juani. Paa mwenye mimba alifunguliwa akaenda zake. Nguruwe akinaswa, paja la kwanza lilikwenda kwa yule ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa.

Sheria ya nchi kuhusu jambo hilo ilikuwa na mstari mmoja: "Mwenye shamba na alilinde." Kwa miaka yote ya mstari huo hakuna binadamu aliyewahi kunaswa Lwanzongo. Ni wazi basi kwamba sheria ilihitaji kuboreshwa.

*

Iliyokuja kuiboresha ilikuwa Tume ya Kukusanya Maoni ya Wadau, ikiwa na magari sita na bendera tatu. Iliongozwa na Waziri wa Wanyama mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Zebedayo Kulwijila. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na chuo kimoja siku alipokwenda kukizindua. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba, Nyamizi na Mhoja wakakaa safu ya tatu, na Waziri akashika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wadau, serikali yenu sikivu imebaini kwamba ninyi bado mnatega kienyeji. Dunia imeshatoka huko! Dunia ya leo haitegi, inasimamia idadi. Na napenda niwaambie kitu kimoja, mkiweke moyoni. Nguruwe pori si adui. Nguruwe pori ni fursa!"

Waliokuja naye wakapiga makofi. Mama Shija, jirani yake Nyamizi, mjane asiyejua kumeza neno, akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Hiyo fursa iliingia kwangu juzi ikamaliza karanga zote. Niifanyeje?"

"Swali zuri sana, mama. Nimelichukua."

Na kweli alilichukua, maana halikuonekana tena mpaka leo.

Maoni yalikusanywa kwa dakika kumi na moja. Kisha yakashushwa makreti ya soda, nazo zilikuwa baridi, zimelala kwenye barafu. Lwanzongo hakukuwa na umeme, na kitu baridi kilipatikana mwezi wa saba peke yake. Karani wa Tume akatoa karatasi za mahudhurio: saini moja, soda moja. Hapo ndipo watu wa Lwanzongo walipofanya kosa ambalo wenye majokofu wasingelifanya. Walisaini kwa niaba ya wagonjwa. Walisaini kwa niaba ya waliosafiri. Kiu ilipozidi walisaini kwa niaba ya marehemu, na karani hakuuliza neno, alizidi kuwasogezea karatasi. Mhoja alijisainia mwenyewe, akamsainia marehemu baba yake, kisha akamsainia mbwa wake, akamwandika kwa jina kamili, Popo Mhoja. Nyamizi alicheka mpaka soda ikampalia.

"Baba Limi, utafungwa wewe!"

"Kwa soda ya Popo? Waache wanifunge, nikiwa nimeshiba."

*

Miezi mitatu baadaye ilishuka sheria mpya, vifungu tisini na sita. Mtendaji wa kijiji, Sprian, aliisoma mbele ya ofisi yake kwa muda wa siku mbili. Mwishoni ziliambatanishwa zile karatasi za mahudhurio, ila juu yake palikuwa pamechapwa maneno mapya: "Sisi tuliosaini hapa chini tumesoma, tumeelewa na tunaunga mkono." Saini zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Lwanzongo ilikuwa na watu mia tatu na arobaini. Waziri alilieleza Bunge kwamba mwamko wa wananchi ulikuwa wa kihistoria.

Vitanzi na mashimo vilipigwa marufuku kwa sababu ni vya kikatili. Badala yake iliundwa Mamlaka ya Mitego, ikaleta kutoka ng'ambo mitego ya chuma yenye meno, kila mmoja umepigwa nembo ya taifa na kufungwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao Afisa Mitego wa Wilaya, Bwana Kapongo. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuikagua, mara moja kila siku ishirini na moja, na alikuwa na wilaya tatu na pikipiki moja mbovu. Mahali ilipotegwa palikuwa siri ya serikali. Kifundo cha nyasi kilipewa kifungu chake chenyewe: yeyote atakayekifunga atahesabika amevujisha siri za serikali kwa wanyama, miaka mitano. Mkulima aliyeliwa mazao aliruhusiwa kulalamika, mradi aambatanishe alama ya kwato za mlalamikiwa.

Na kilikuwapo kifungu cha arobaini na moja. Hicho Sprian alikisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani amekosea. "Chochote kitakachonaswa katika mtego wa Mamlaka ni nyara ya serikali, nacho hakitaguswa, hakitalishwa, hakitafunguliwa wala kufarijiwa bila kibali."

"Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema Mama Shija. "Hawa wamemwondoa nguruwe. Mkuki umebaki."

Mitego mia nne ilitegwa kuzunguka Lwanzongo na maafisa waliokuja na turubai kubwa wasionekane. Kwa miezi mitano haikunasa hata panya. Nguruwe waliinusa grisi ya chuma wakaipita mbali, tena kwa utulivu, maana vitanzi vilivyokuwa vinawatisha sasa vilikuwa vimelala stoo ya Mtendaji kama vielelezo. Walianza kuja mchana. Ekari moja ya Nyamizi iliisha kabla ya mihogo kukomaa. Iliyobaki Mhoja aliilinda kwa debe na rungu, kuanzia alfajiri mpaka macho yakawa mekundu.

*

Siku moja Nyamizi alikuwa jikoni anakoroga uji. Alilisikia debe la Mhoja likilia kule shambani kama kila asubuhi, kisha likanyamaza. Baada ya hapo alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mumewe katika miaka ishirini na sita ya ndoa. Aliacha mwiko sufuriani, akakimbia.

Alimkuta ukingoni mwa mihogo, amekaa chini, mguu wa kulia umebanwa chini ya goti. Meno ya chuma yalikuwa yameingia mpaka mfupani, na juu yake nembo ya taifa ilikuwa imesuguliwa vizuri, inang'aa.

"Usishike, mama Limi," alisema Mhoja kwa taabu. "Mimi sasa mali ya serikali."

"Nyamaza! Inauma sana?"

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Nyamizi alivuta, akavuta tena, kufuli likakataa. Alipiga yowe, watu wakaja, na Sprian akaja na mgambo mmoja na kile kitabu cha sheria kwapani. Sprian na Mhoja walikuwa wameoa mwaka mmoja na kucheza bao benchi moja. Alipomwona alishika kichwa.

"Mtendaji, leta nyundo tumtoe," alisema Nyamizi.

"Shemeji, ukivunja mtego wa Mamlaka ni miaka mitano. Na mimi nikikuangalia tu, mitatu. Nina watoto sita, shemeji."

"Kwa hiyo afie hapa?"

"Sijasema afe. Nimesema Kapongo ana ufunguo. Nenda wilayani, chukua baiskeli yangu. Mimi nitakaa naye hapa." Kisha akafungua kitabu, akakifunga. "Sitakiwi hata kumfariji. Imeandikwa."

Nyamizi alilowesha kanga akamfunga mumewe juu ya jeraha. Sprian aligeuka akaangalia upande wa pori, na mgambo naye akageuka. Nchi ilikuwa imefika mahali ambapo mtu mwema ni yule anayegeuza shingo.

*

Ofisi ya Afisa Mitego ilikuwa wazi, yeye hayupo. Alikuwa kwenye semina ya siku tano iitwayo Utoaji Huduma kwa Haraka. Karani alimkaribisha Nyamizi, akampa kiti na fomu.

"Aina ya mnyama, mama?"

"Ni mtu. Mume wangu."

"Nimekuelewa, mama, pole sana. Ila hapa tuna wenye kwato, wenye makucha na wenye magamba. Niweke wapi?"

"Weka mtu!"

"Hiyo sehemu haipo, mama. Ukiacha wazi fomu itarudi." Aliweka alama kwenye makucha, akieleza kwamba kucha ni kucha. "Manyoya?"

Nyamizi alisimama akaupiga mkono mezani mpaka mhuri ukaruka. Karani aliuokota, akapuliza vumbi, akaendelea. Miguu, miwili. Mkia, hakuna. Hali ya nyara, hai. Kisha akampigia simu Bwana Kapongo huko seminani, na Nyamizi akasikia kelele za furaha zikitoka ndani ya simu.

Nusu saa haikupita Kapongo akaingia mbio, beji ya semina inaning'inia kifuani. Alimshika Nyamizi mikono yote miwili.

"Umesema mtego umenasa? Mtego wetu? Mama, unajua hii ni ya kwanza? Mitego mia nne, miezi mitano, kila wiki Waziri ananiuliza takwimu! Hongera sana, mama!"

"Bwana, nipe ufunguo. Mtu anakufa."

"Utapata, utapata. Ngoja nitoe taarifa juu."

Alitoa taarifa juu. Huko juu wakaitoa juu zaidi. Majibu yalirudi saa tisa, na Kapongo aliyasoma kwa sauti, amesimama wima: nyara ya kwanza ya Mamlaka isiguswe, Mheshimiwa Waziri atafika keshokutwa kuizindua yeye mwenyewe.

"Keshokutwa!" alisema Nyamizi. "Wewe una mama? Una mke? Yule si nyara, yule ni Mhoja!"

"Mama, punguza jazba. Nani kijijini kwenu amewahi kutembelewa na mgeni rasmi?"

Nyamizi alirudi Lwanzongo bila ufunguo, na njia nzima alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Wanaodhani kilio cha hasira na cha huzuni ni kimoja hawajawahi kuomba ruhusa ya kumtoa mume wao mtegoni.

*

Siku mbili zilizofuata Lwanzongo ilipata maendeleo ambayo haikuyapata katika miaka yote ya uhuru. Barabara ilichongwa. Kilikuja choo cha kuhamishika. Mahema mawili meupe yalisimikwa pembeni ya shamba la mihogo, vijana wa Mamlaka wakapanga mawe kumzunguka Mhoja na kuyapaka chokaa. Mmoja alitaka kumpaka na Mhoja, asafishe picha, Mama Shija akamfukuza kwa mwiko.

Tabibu wa zahanati alikuja na sanduku lake. Kapongo akamwambia haruhusiwi kutibu wanyamapori. Akaitwa daktari wa mifugo. Huyo akamtazama Mhoja, akaeleza kwa masikitiko kwamba leseni yake haimruhusu kutibu watu. Walisimama pale wote wawili, wasomi, kila mmoja na dawa mkononi, kisha kila mmoja akarudi alikotoka. Nyamizi alimlisha mumewe uji, akamnywesha maji, akamkinga jua kwa mkeka, akimtazama kila afisa machoni amshtaki kama anathubutu. Mguu ulivimba, ukawa mweusi. Siku ya tatu ulianza kunuka, na Mhoja aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo hakuwa na mzaha tena. Alishika mkono wa mkewe akauliza kama nguruwe wamekuja.

"Wamekuja," alisema Nyamizi. "Wako upande ule wanakula. Hakuna anayewafukuza, watu wote wako kwako."

Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa tatu asubuhi alifika saa tisa alasiri. Alikalishwa kwenye sofa lililoazimwa kwa Sprian, limefunikwa vitambaa vya kufuma. Ngoma zikapigwa. Kapongo akasoma risala ya kurasa kumi na nne, ndani yake akimtaja Mhoja kama "matokeo yanayopimika." Ndipo Waziri akasogea kwenye mawe meupe kuiona nyara yake, akakuta mtu, na mtu huyo anamtazama.

Kama nchi ile ingekuwa nchi nyingine, hapo ndipo hadithi ingegeuka. Lakini Mheshimiwa Daktari Kulwijila hakuwa mtu wa kuyumbishwa na kitu anachokiona. Alirudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wako waliosema mitego hii haifanyi kazi. Leo wako wapi? Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Serikali yenu imetekeleza maneno ya wahenga! Mtego wetu haubagui. Haujali kabila, haujali dini, na kama mnavyoona, haujali hata aina ya kiumbe!"

Makofi.

"Sasa nitamfungua rasmi ndugu yetu huyu."

Moyo wa Nyamizi uliruka. Vijana wawili wakaja wamebeba ufunguo, na ufunguo wenyewe ulikuwa na urefu wa mchi, umetengenezwa kwa mbao, umepakwa rangi ya dhahabu. Ulikuwa ufunguo wa mfano. Waziri akaushika upande mmoja, Kapongo upande wa pili, wakauelekeza kwenye kufuli wakitabasamu, na wapiga picha wakapiga. Utepe ukakatwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba nyara imefunguliwa, akaomba wageni waelekee kwenye hema la chakula.

Mhoja alikuwa bado mtegoni.

"Bwana Kapongo!" Nyamizi alimshika shati. "Ufunguo wenyewe uko wapi?"

"Mama, usiniaibishe mbele ya wakubwa. Wenyewe ulichukuliwa juzi, uko wizarani, kwenye sefu. Tukio la leo ni la uzinduzi. Kufungua kwenyewe ni mchakato."

Hapo Nyamizi alimwachia shati. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Shija, aliyekuwa akiponda kokoto za kuuza tangu alipoishiwa karanga, akachukua nyundo yake ya mawe, akapita katikati ya mawe yaliyopakwa chokaa. Mgambo alinyoosha mkono kumzuia, akaona uso wake, akaurudisha mkono mfukoni.

"Baba Limi, fumba macho."

Pigo la kwanza liliibonda nembo ya taifa. Katika hema la chakula Waziri aliuliza ni kelele za nini, pilau mdomoni. Pigo la pili, la tatu. Nyamizi alipiga huku akisema, na alichosema kilisikika mpaka kwa madereva.

"Nguruwe ana wizara! Nguruwe ana ghorofa! Huyu ana nini? Huyu ana mimi!"

Pigo la saba kufuli likapasuka. Sprian alitupa kitabu cha sheria chini, akaja mbio kumshika rafiki yake mabega, na baada yake walikuja wengine wengi mno kuandikwa majina. Hawakuwa na machela. Waling'oa sofa kutoka jukwaa kuu, na vitambaa vyake vya kufuma, wakamlaza Mhoja juu yake, wakambeba mpaka lilipokuwa lori la Mamlaka. Dereva aliambiwa aendeshe na akaendesha. Waziri alirudi jukwaani akakuta hana pa kukaa.

*

Hospitali ya wilaya iliukata mguu jioni hiyo hiyo. Daktari alikuwa kijana mwenye huruma na alimwambia Nyamizi ukweli.

"Mama, mngemleta siku ile ile tungeuokoa."

Neno hilo Nyamizi alikuwa akilijua tangu siku ya kwanza, na karani alilijua, na Kapongo alilijua, na Waziri alilijua. Walilijua wote, wakapanga mawe na kuyapaka chokaa. Afadhali mjinga asiyejua. Huyo ana udhuru kwa Mungu.

Nyamizi alikamatwa wodini, anamlisha mgonjwa. Shtaka lilikuwa kuvunja mtego wa Mamlaka na kutorosha nyara ya serikali. Kesi ilisikilizwa baada ya wiki tisa, katika mahakama iliyojaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Nyamizi alikiri yote. Hakimu alimweleza kwamba sheria mpya ni kali lakini ina utu: mshtakiwa akiirejesha nyara kama ilivyokuwa, ataachiwa huru siku hiyo hiyo. Asipoirejesha, miaka mitano.

Benchi la nyuma likalia. Mhoja alinyanyuka kwa magongo yake mapya, akasogea taratibu mpaka mbele, kila hatua inasikika kwenye sakafu.

"Mheshimiwa, nyara yenyewe ni mimi. Nimejileta kwa hiari yangu. Nichukueni, mama Limi arudi nyumbani."

Watu walishangilia, hakimu akawanyamazisha. Mwendesha mashtaka aliomba dakika moja. Alifungua jalada, akaitoa fomu iliyojazwa ofisini kwa Kapongo, akaisoma, akamtazama Mhoja, akaisoma tena.

"Mheshimiwa, upande wa Jamhuri unapinga. Nyara iliyoandikishwa ilikuwa na miguu miwili. Iliyoletwa mbele ya mahakama yako tukufu ina mmoja."

Hakimu alivaa miwani, akahesabu mwenyewe. Alihesabu kwa uangalifu mkubwa, maana hakutaka kumwonea mtu.

"Ni kweli," alisema. "Mahakama haiwezi kupokea nyara pungufu. Mshtakiwa, kabla sijatoa hukumu, ieleze mahakama. Mguu wa pili wa serikali uko wapi?"

Nyamizi alimtazama mumewe kwanza, kisha akamtazama Kapongo kwenye kiti cha mashahidi, kisha hakimu.

"Mliula nyie," alisema. "Siku ile ya mgeni rasmi. Mliula pamoja na pilau."

Hakimu akaagiza jibu hilo lisiandikwe. Halikuandikwa. Ndiyo maana linasimuliwa.